Aliyeuawa ni nani? Shajara ya kuiandikia D.O.A. manukuu ya Kiswahili

Jumapili, 4 Mei

Nimeanza leo. Filamu ni D.O.A. (kifupi cha Kiingereza "dead on arrival", mtu anayefika akiwa amekufa) ya mwaka 1950, dakika 83, nyeusi na nyeupe toka mwanzo hadi mwisho. Kazi yenyewe ni kuiandikia manukuu ya Kiswahili, mstari kwa mstari, yasomeke bila taabu na mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya filamu ya jinai ya zama zile. Mtu huyo ninaye. Ni mjomba wangu, karani mstaafu wa mahakama hapa Tanga, aliyeandika kwa mkono wake mienendo ya kesi kwa zaidi ya miaka ishirini. Filamu za Kizungu hazimshughulishi. Hii itamshughulisha, maana inaanzia pale jalada linapoanzia: mtu anaingia makao ya polisi Los Angeles, anasema amekuja kutoa taarifa ya mauaji, anaulizwa aliyeuawa ni nani, anajibu ni yeye.

Tumezoea filamu za kutafsiriwa kwa sauti, msimuliaji akipandisha maneno yake juu ya yale ya waigizaji, na nimekua nikizifurahia kwenye mabanda ya video. Hii haifai kufunikwa. Sauti ya Edmond O'Brien, anayeigiza Frank Bigelow, inachakaa kadiri saa zinavyomwishia, na muziki wa Dimitri Tiomkin unatembea naye hatua kwa hatua. Maandishi ya chini yataviacha vyote viwili vipumue.

Kuhusu haki: sheria ya Marekani ya wakati ule ilimpa mwenye filamu miaka 28, kisha alitakiwa aombe upya. Hii haikuombewa, ikawa mali ya umma kule. Ndiyo maana nakala zimejaa mtandaoni, na nyingi ni mbovu, nakala ya nakala, usiku wote umegeuka masizi. Nimepakua nne, nikazilinganisha kwa tukio moja la ngazi karibu na mwisho, nikabaki na ile ambayo vyuma vya ngazi bado vinahesabika.

Masharti niliyojiwekea ni haya: mistari miwili tu kwa wakati mmoja, herufi 42 kwa mstari, na hakuna nukuu inayokaa chini ya sekunde moja. Rangi nyeupe yenye ukingo mwembamba mweusi. Nilijaribu njano kwa dakika tano, nikaifuta. Mpiga picha Ernest Laszlo alihangaika na vivuli vile, na mstari wa njano chini yake unaua kila kitu.

Jumanne, 6 Mei

Dakika 4 zimekamilika, na siku mbili nzima zimekwenda kwa neno moja.

Kwanza picha yenyewe. Bigelow anatembea kwenye korido, kamera inamfuata mgongoni. Korido haiishi. Majina ya waigizaji yanapita juu ya mgongo ule, muziki unapiga kama maandamano, na uso wake hatuuoni mpaka afike mbele ya meza. Mwongozaji, Rudolph Maté, alikuwa mpiga picha kabla ya kuongoza, na ndiye aliyeshika kamera ya mwongozaji Carl Dreyer mwaka 1928 kwenye filamu ya Jeanne d'Arc, ile iliyojengwa kwa nyuso tupu. Hapa kaanza kwa kutunyima uso. Nimeitazama mara nyingi na bado inanibana kifua.

Kisha maswali. Mara ya kwanza niliandika: "Nani aliuawa?" "Mimi niliuawa." Nikasoma kwa sauti. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili cha kituoni ni "Aliyeuawa ni nani?", na ndivyo nilivyoandika. Jibu ndilo lililonikalisha. "Niliuawa" inafunga habari, kama jambo la mwaka juzi. "Nimeuawa" inaiacha wazi, kitu kimetendeka na hali yake ingali inaendelea, na hiyo ndiyo kweli ya Bigelow. Lakini tamka neno hilo peke yako chumbani. Ulimi unasita. Kitenzi hiki kina nafsi ya tatu iliyotumika mpaka ikalainika, ameuawa, wameuawa, na nafsi ya kwanza ambayo haijapata mtu wa kuihitaji.

Nimeandika "Mimi." Neno moja na nukta. "Nimeuawa" naiweka akiba.

Rafiki yangu wa Mombasa anayenipitishia rasimu anasema kwao "kuuliwa" ni sahihi kabisa na ina ladha. Sibishani naye, ni sahihi. Ila kwenye skrini, "umeuliwa" na "umeulizwa" zinatofautiana kwa herufi moja, na huku mtu yuko mbele ya wapelelezi wanaomhoji. Msomaji mwenye sekunde mbili atasoma anachokitarajia. Tumekubaliana: "-uawa" kote.

Jumapili, 11 Mei

Dakika 17. Sehemu ya Banning, mji mdogo wa California ambako Bigelow ni mhasibu wa kodi, imekwenda haraka. Paula, katibu wake na mpenzi wake, anataka ndoa. Yeye anataka wiki moja peke yake San Francisco. Mazungumzo yao ni marefu na Kiswahili kinayabeba bila kulalamika.

Kitu kimoja kinaniudhi kwa dhati. Bigelow akifika hotelini, kila mwanamke akipita mbele yake, kunasikika mluzi wa kuchekesha uliopachikwa kwenye sauti. Umerudiwa mara kadhaa. Filamu iliyoanza na korido ile haikustahili kufanyiwa hivyo. Siutafsiri wala siutaji kwenye manukuu. Anayesikia atasikia.

Ijumaa, 16 Mei

Dakika 27. Baa ya The Fisherman.

Hapa ndipo anapotiliwa sumu, na tafsiri haina kazi kubwa kwa sababu muziki umemeza maneno. Bendi ya jazi, wanamuziki weusi, jasho linawatiririka, kamera inawasogelea mpaka meno ya mpiga saksafoni yanajaza skrini. Wateja wanapiga kelele kama wenye homa. Katikati ya homa hiyo, mtu aliyevaa skafu, tunamwona kwa mgongo tu, anabadilisha glasi.

Migongo miwili sasa. Wa aliyeuawa kwenye korido, wa muuaji kwenye kaunta. Sidhani ni bahati.

Na niseme hili, kwa kuwa limenikaa: wanamuziki wale ndio uhai wote wa tukio, lakini hakuna hata mmoja anayepewa nafasi kwenye hadithi. Filamu inawatumia kama moto wa kuchemshia sufuria. Nimeitazama sehemu ile bila kugusa kibodi, kwa ajili yao tu.

Kuna maneno matatu ya mteja mmoja siyapati. Nimeacha alama.

Jumapili, 18 Mei

Dakika 36, na leo nimetumia akiba yangu.

Bigelow anaamka vibaya, anakwenda kupimwa. Madaktari wanamwambia ana sumu mwilini, imeshafyonzwa, haina dawa. Atabaki na siku moja, mbili, ikizidi sana wiki. Anawaita wendawazimu na kukimbilia kwa daktari mwingine, ambaye anazima taa ya chumba. Kichupa chenye sumu hiyo kinang'aa gizani.

Kwa Kiingereza inatajwa kwa jina linalosikika la kitaalamu. Nilijaribu "toksini" kisha nikaona namnyima mtazamaji kitisho chake. Sasa ni "sumu ing'aayo". Filamu hii ilitengenezwa miaka michache tu baada ya Hiroshima, na Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la atomiki Agosti 1949. Kwa watu wa wakati ule, kitu kinachong'aa ndani ya tumbo la mtu mzima anayetembea hakikuwa hadithi ya kitoto. Mwishoni kabisa kuna maandishi yanayodai kwamba mambo ya kitabibu kwenye filamu ni ya kweli na sumu hiyo ipo. Nimeyatafsiri nayo, kwa sababu ni sehemu ya kutisha kwenyewe.

Daktari huyo mwingine anaona Bigelow bado hajaelewa, ndipo anapomwambia waziwazi. Nilikuwa na tatu mbele yangu. "Umeuawa." "Umeshauawa." "Wewe umekwisha kuuawa." Ya tatu ni ya kitabu. Ya pili ina ukatili wa kweli, ile "-mesha-" inasema kazi imekamilika wakati wewe unatafuta koti lako. Nilikaribia kuichukua. Lakini "-mesha-" ina dalili ya haraka, kama mtu anayejibu swali, na daktari yule hana haraka. Nimeweka "Umeuawa, Bwana Bigelow." Kitenzi hicho kwenye nafsi ya pili nacho ni kigeni masikioni, na ugeni huo ndio ninaoutaka hapo.

Baada ya hapo anakimbia. Anakimbia tu, barabarani San Francisco, katikati ya watu wenye shughuli zao. Inaelezwa kwamba wapita njia hawakuarifiwa kuwa kuna kamera, na ukitazama nyuso zao unaamini: wanageuka, wanashangaa, mmoja anakwepa. Hakuna neno la kutafsiri. Anaishia kwenye kibanda cha magazeti, ameishiwa pumzi, na mpira wa mtoto unabingirika mpaka miguuni pake. Anauokota na kumrudishia. Sijui kwa nini tukio dogo hivyo linanishinda kuliko yote.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua, umeme umekatika, na faili la dakika 30 hadi 38 limepotea kwa sababu nilikuwa sijahifadhi. Nimeandika upya kwa kumbukumbu usiku huohuo nikitumia mwanga wa simu. "Umeuawa" imebaki vilevile. Sasa programu inahifadhi yenyewe kila baada ya dakika moja.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwama kwenye kazi ya Bigelow, na nimelazimika kwenda kwa mjomba kabla ya wakati, ingawa nilitaka aione filamu bila kujua chochote.

Shida ni hii. Bigelow ni mhasibu, lakini pia anashuhudia hati na kuzigonga muhuri. Fumbo lote limening'inia hapo. Miezi sita nyuma aliigonga muhuri hati ya mauzo ya iridiamu, madini ghali. Mfanyabiashara mmoja wa Los Angeles, Eugene Philips, aliyanunua kwa nia njema, akayauza kwa mtu aitwaye Majak, na baadaye ikabainika ni mali ya wizi. Hati ile ndiyo pekee inayomtakasa Philips. Philips anakufa kwa kuanguka kutoka ghorofani, inasemwa kajiua kwa aibu. Waliomsukuma wanahitaji aibu hiyo iaminike. Hati ikionekana, hakuna aibu, na hakuna sababu ya kujiua. Hati imeshapotezwa, amebaki mtu mmoja tu wa kukumbuka: yule wa muhuri. Naye, masikini, haikumbuki hata kidogo. Ilikuwa karatasi moja kati ya nyingi za wiki ile.

Kwetu kazi hiyo hufanywa na wakili, kamishna wa viapo. Kule si lazima mtu awe mwanasheria. Nikiandika "wakili", mtazamaji atadhani Bigelow ni mwanasheria na kila kitu kitapinda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na karatasi tena?"

Nikamweleza. Akasikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Sasa mpwa wangu, unamtafutia cheo cha nini? Mtu hakuuawa kwa cheo. Kauawa kwa muhuri. Andika muhuri."

Nimerudi nyumbani nikafuta "mthibitishaji" kila mahali. Sasa Bigelow anasema: "Niliigonga muhuri hati hiyo." Ni fupi kuliko Kiingereza chenyewe, na muhuri umekuwa kitu cha kushikika.

Jumamosi, 31 Mei

Dakika 63. Los Angeles imenifundisha jambo ambalo sikulitegemea.

Bigelow sasa anamshuku kila mtu: katibu wa ofisi ya Philips, mtunza hesabu Halliday, mjane, ndugu wa marehemu. Kiingereza kikisimulia kwamba mtu fulani alipiga simu au aliingia chumbani, mara nyingi kinalazimika kusema ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kinasema "alipiga", "aliingia", kinanyamaza. Nilipokuwa natafsiri mstari kwa mstari niliona wasiwasi ukipanuka: kwenye manukuu yangu karibu kila "a-" inaweza kuwa yeyote kati yao. Sikuyatafuta hayo. Lugha imefika nayo.

Na ile kauli ya kutendwa! Nimeuawa, nimetiliwa sumu, nimefuatwa. Katika lugha yetu mtendwa akishatajwa, mtenda anakuja nyuma ya "na", akija. Nimeuawa na... Filamu nzima kuanzia dakika ya 36 ni mtu anayezunguka mji akitafuta neno la kuweka baada ya "na". Nimeandika hivyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza, na tangu hapo nimeacha kupotea. Kila mara sentensi yake inaponipa nafasi ya kuchagua, naipa kauli ya kutendwa. Wengine wote wanatenda.

Chester ndiye aliyenipa tabu zaidi. Ni kijana wa Majak wa kazi chafu, ameigizwa na Neville Brand, na anatisha kwa sababu anafurahi. Majak anamweleza kwa upole kabisa, kama mzazi mwenye mtoto mtundu, kwa neno la kitabibu ambalo sikuwa nalo. "Kichaa" nimelikataa. Wagonjwa wa akili wanabebeshwa ubaya usio wao kwenye filamu za kutosha. Nimeandika: "Kijana huyu hafurahi mpaka aumize mtu." Chester mwenyewe anamsemesha Bigelow kuhusu tumbo lake laini, tena na tena, huku akimpiga hapohapo. Kiswahili kinalipenda neno tumbo na sumu iko tumboni, kwa hiyo sijapamba chochote. "Tumbo laini, eh? Tumbo laini."

Majak nimemfanya aseme "Bwana Bigelow" kila mara, hata anapoamuru auawe. Mjane ni "Bi Philips". Mumewe ni "marehemu" toka anapotajwa mara ya kwanza, maana kwetu hatumtaji aliyefariki hivihivi. Hapo nikajiuliza Bigelow niite nini. Sijapata jibu.

Jumatatu, 9 Juni

Zimefika dakika 83.

Mwisho umepigwa ndani ya Bradbury Building, jengo la mwaka 1893 katikati ya Los Angeles, ngazi za chuma, kuta za matofali, paa la kioo ambalo usiku halimsaidii mtu. Halliday ndiye aliyekaa baada ya "na". Yeye na Bi Philips. Bigelow anampiga risasi Halliday, na kwa muda mfupi sana vitenzi vyake vinakuwa vya kutenda.

Kisha tunarudi kituoni. Anamaliza maelezo, anataja jina la Paula, anaanguka. Mpelelezi anauliza jalada liandikwe nini, mkubwa wake anampa maneno ambayo ndiyo jina la filamu, na muhuri unagongwa kwenye karatasi. Muhuri tena. Kilichomuua ndicho kinachomfunga.

Dada yangu ni muuguzi. Nilimuuliza daftari lao husemaje kwa Kiswahili cha kawaida mtu akiletwa hivyo. Akasema, "Amefikishwa akiwa maiti." Niliiandika, ikatosha kwenye mstari, nikaenda kulala nimeridhika. Saa nane usiku nikaamka. "Amefikishwa" inataka mleta: machela, gari, ndugu. Bigelow hakufikishwa na mtu. Alitembea korido nzima kwa miguu yake na sisi tukiwa nyuma yake.

"Alifika akiwa maiti."

Nimeondoa minyambuliko miwili na kubadili wakati, basi. Nimerudi mwanzo na kutazama korido ile tena nikiwa na maneno hayo kichwani.

Jumamosi, 14 Juni

Mjomba ametazama. Uani kwake, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, mimi na dada na majirani wawili. Nilimwomba asiulize chochote mpaka mwisho, naye hakukubali.

"Mimi" ilipotokea chini ya shuka, alisema kwa sauti: "Haiwezekani. Kesi ya mauaji mlalamikaji ni Jamhuri, kwa sababu mwenye malalamiko hayupo. Huyu yupo." Halafu akavuta kiti mbele.

Kwenye "Umeuawa, Bwana Bigelow" hakuna aliyesema kitu. Jirani mmoja alijishika tumbo.

Marekebisho yaliyotokana na jana usiku: nukuu mbili za Paula kwenye simu zinapita haraka mno, nimeziongezea nusu sekunde kila moja. "Iridiamu" dada hakuielewa, kwa hiyo mara ya kwanza inaandikwa "madini ya iridiamu". Kwenye hotuba ya Majak mjomba amenisahihisha "hati ya kuuza" iwe "hati ya mauziano", kwa sababu ina pande mbili na zote mbili zilikuwepo siku ile Banning.

Kuhusu nimwite nini Bigelow, nilimuuliza wakati tunakunja shuka. Alifikiri. "Kwenye jalada ungemwandika shahidi wa kwanza," alisema, "halafu ungeacha nafasi."

Bado maneno matatu ya The Fisherman. Kesho nitayasikiliza tena kwa spika za sikioni, polepole, nusu ya kasi.